Kusafisha Mkanda wa Picha Uliopita Muda Wake

Katika nyumba nyingi huku kwetu kuna sanduku la bati chini ya kitanda cha wazee, na katika sanduku hilo hukosi kukuta kamera ya zamani. Pengine ndani ya kamera mna mkanda ambao haukusafishwa kamwe. Mwenyewe alipiga picha za harusi, au za watoto siku ya Idi, kisha akahama, au duka la picha likafungwa, na mkanda ukasahauliwa. Tangu watu waanze kupiga picha kwa simu, mafundi wa kusafisha mikanda wamekuwa haba. Basi mtu akiuona mkanda wa namna hiyo husema, "Huu umekwisha muda wake, tupa."

Somo hili lataka kueleza mambo mawili. La kwanza, mkanda uliopita muda wake si lazima uwe umekufa. La pili, mkanda huo husafishwa mara moja tu. Ukiuharibu, hapana fundi wala mashine ya kuurudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo kazi hii yataka ujuzi wa kemia kidogo na uvumilivu mwingi.

MKANDA NI KITU GANI

Mkanda wa picha nyeusi na nyeupe ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini upande mmoja. Ndani ya jelatini mmetawanywa chembe ndogo sana za chumvi za fedha, hasa bromidi ya fedha. Mwanga ukiigusa chembe, atomu chache za fedha hujitenga na kukusanyika mahali pamoja. Atomu hizo ni chache mno, pengine nne au tano tu, wala jicho haliwezi kuona badiliko lolote. Hiyo ndiyo tunayoiita picha iliyofichika.

Dawa ya kusafishia huzitafuta chembe zilizoguswa na mwanga na kuzigeuza zote kuwa fedha halisi, ambayo huonekana nyeusi. Chembe zisizoguswa hubaki kama zilivyokuwa. Kisha dawa ya pili, iitwayo haipo, huyeyusha chembe hizo zilizobaki na kuziondoa, ili mwanga usiziharibu baadaye. Penye mwanga mwingi huwa peusi, na penye kivuli huwa peupe. Hiyo ndiyo negativu.

UMRI HUUFANYA NINI MKANDA

Mkanda ukikaa miaka mingi hupatwa na mambo mawili yanayokwenda kinyume.

Jambo la kwanza ni ukungu. Joto, pamoja na miali itokayo anga za juu na mawe ya ardhini, huzitikisa chembe polepole hata nyingine zikawa kama zimeguswa na mwanga, nazo hazikuguswa. Dawa haiwezi kuzitofautisha, nayo huzifanya nyeusi pia. Mkanda wote hupata rangi ya kijivu, kama mlima uliofunikwa asubuhi. Mikanda yenye kasi kubwa, kama ile ya 400, hupatwa na ukungu upesi kuliko mikanda ya kasi ndogo, kama ile ya 50.

Jambo la pili ni kufifia. Zile atomu chache za picha iliyofichika huweza kutawanyika tena, hasa penye unyevu. Kwa hiyo mwaka hata mwaka ukungu unapanda na picha inashuka. Kazi ya msafishaji ni kuitoa picha kabla haijamezwa na ukungu.

Yafaa kukumbuka kwamba sababu kubwa ya uharibifu si idadi ya miaka peke yake. Ni joto na unyevu. Sisi tulio pwani twajua jinsi vitabu na viatu vinavyoota kuvu wakati wa masika. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, basi kuvu huipenda kama chakula. Mkanda wa miaka 20 uliokaa juu ya kabati chini ya paa la bati waweza kuwa mbaya kuliko wa miaka 40 uliokaa kwenye jokofu.

MIKANDA ILIYOKAA MIAKA 33 KATIKA BARAFU

Mfano mkubwa wa jambo hili watoka mbali sana, katika bahari ya kaskazini yenye barafu. Tarehe 11 Julai 1897 Waswidi watatu, S. A. Andrée, Nils Strindberg na Knut Frænkel, walipaa kwa puto kutoka kisiwa cha Danskøya huko Svalbard, wakitaka kufika Ncha ya Kaskazini. Baada ya siku tatu puto lilishuka juu ya barafu lisipae tena. Walitembea kwa miguu majuma mengi wakivuta mizigo yao, mpaka wakafika kisiwa kidogo kiitwacho Kvitøya. Huko wakafa wote watatu, na dunia haikujua habari zao.

Mwaka 1930, mwezi wa Agosti, wasafiri wa Kinorwe katika meli iitwayo Bratvaag walifika Kvitøya wakaikuta kambi yao. Katika mabaki ya kambi ilipatikana mikanda ambayo Strindberg alikuwa amekwisha kuipiga picha. Ilikuwa imelala katika unyevu na barafu kwa miaka 33. Ilipelekwa Stockholm, akapewa Bwana John Hertzberg wa Chuo cha Kifalme cha Ufundi. Yeye aliisafisha kwa uangalifu mkubwa. Kati ya picha 240 aliokoa 93. Mojawapo yaonyesha puto limelala ubavu juu ya barafu, na watu wawili wamesimama wakilitazama. Watu hao walikuwa wafu miaka 33 wakati sura zao zilipotokea katika dawa.

Twajifunza nini? Baridi ndiyo iliyowatunzia. Unyevu uliharibu picha nyingi, lakini baridi ilizuia ukungu usizimeze zote. Tena twajifunza kwamba hata mikono ya bingwa haikuokoa zote. Picha 147 zilipotea. Basi anayesafisha mkanda wa zamani asiahidi kitu.

KABLA YA KUFUNGUA

Kwanza, omba ruhusa. Mkanda ni mali ya mtu, na picha zilizomo ni za watu. Mwambie mwenyewe ukweli wote: "Shikamoo, babu. Mkanda huu waweza kutoa picha, na waweza kutoka mtupu. Tena yanibidi kukata kipande cha kujaribia, na kipande hicho huenda kikawa na picha. Je, waniruhusu?" Akikataa, uweke katika mfuko usiopitisha hewa, kisha ndani ya jokofu, umngojee. Mkanda uliongoja miaka 40 waweza kungoja mwezi mmoja zaidi.

Pili, soma maandishi ya kasha la mkanda. Ukiona C-41, huo ni mkanda wa rangi. Ukiona E-6, ni wa rangi wa namna ya slaidi. Mikanda hii pia yaweza kusafishwa kwa dawa za nyeusi na nyeupe, ila rangi hazitatokea. Kwa mkanda wa rangi uliokuwa mzee sana, pengine hiyo ndiyo njia pekee iliyosalia.

Tatu, usifungue kamera mwangani kutazama kama mna kitu. Mkanda wa kawaida huona rangi zote, hata nyekundu, kwa hiyo taa nyekundu ya chumba cha giza haifai. Lazima giza tupu, ambamo huuoni mkono wako hata baada ya kukaa dakika tano. Rudisha mkanda ndani ya kasha lake kwa kuzungusha taratibu. Ukikaza, usilazimishe, maana mkanda mzee hukatika.

Nne, jihadhari na mikanda ya kabla ya miaka ya 1950. Mingine ilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto upesi. Ukiona mkanda umekuwa wa manjano, unanata na kutoa harufu kali, uache, umwite mwalimu.

DAWA ZENYEWE

Dawa iitwayo D-76, iliyotolewa na kampuni ya Kodak mwaka 1927, yaweza kutengenezwa katika maabara ya shule. Kwa lita moja chukua:

Metoli, gramu 2.
Salfaiti ya sodiamu isiyo na maji, gramu 100.
Haidrokwinoni, gramu 5.
Boraksi, gramu 2.

Anza na maji ya mililita 750 yenye joto la digrii 50 za Sentigredi. Yeyusha vitu kwa kufuata mpango huu huu, kimoja kiishe ndipo utie kingine, kisha ongeza maji baridi mpaka lita moja. Metoli hutangulia kwa kuwa haiyeyuki vizuri katika maji yenye salfaiti nyingi. Metoli na haidrokwinoni ndizo zinazofanya kazi ya kugeuza chembe. Salfaiti huzilinda zisiharibiwe na hewa, na boraksi huipa dawa ualkali unaohitajika. Vaa glavu, maana metoli huwasha ngozi ya watu wengine. Acha dawa ipoe kabisa kabla ya kuitumia.

Dawa ya kusimamisha ni siki nyeupe ya dukani, sehemu 1 kwa sehemu 3 za maji. Dawa ya mwisho ni haipo, yaani thiosalfeti ya sodiamu, gramu 250 za fuwele kwa lita moja ya maji. Wanafunzi wa kemia waandike mlinganyo wake:

AgBr + 2Na₂S₂O₃ → Na₃[Ag(S₂O₃)₂] + NaBr

Chumvi ya fedha isiyoyeyuka majini hugeuka kuwa chumvi inayoyeyuka, ikaondoka na maji.

Joto la dawa liwe digrii 20. Maji ya bombani huku pwani hupita digrii 25 kwa urahisi, na kwa joto hilo jelatini nzee hulainika ikavimba. Weka chupa za dawa katika beseni la maji yenye barafu, upime kwa kipimajoto. Barafu isiingie ndani ya dawa yenyewe, maana itaizimua.

KIPANDE CHA MAJARIBIO

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote. Usitie mkanda mzima katika dawa kwa kubahatisha. Toa kidogo ili uokoe kingi.

Mkanda wa kasha, yaani wa milimita 35, una ncha ambayo iliona mwanga siku ulipotiwa ndani ya kamera. Ncha hiyo haina picha. Kata kipande chake kidogo, ukitie katika haipo mwangani, ukitazame. Mwanzo kitakuwa kama maziwa, kisha kitang'aa. Hesabu dakika, uzizidishe kwa mbili. Huo ndio muda wa kukaa katika haipo. Ikiwa kilichukua dakika 4, mkanda wako utakaa dakika 8.

Sasa ingia gizani. Kata kama sentimita 10 kutoka mwanzo wa mkanda, pamoja na ncha iliyobaki. Mkanda uliosalia urudishe katika kopo lisilopitisha mwanga. Kipande kisafishe katika D-76 kwa dakika 8, kisha siki, kisha haipo, kisha maji. Kitazame kwenye dirisha.

Utaona sehemu tatu. Ncha iliyoona mwanga itakuwa nyeusi kabisa. Nafasi baina ya picha na picha itaonyesha ukungu ulivyo, kwa sababu mahali hapo mwanga haukufika. Na picha yenyewe, kama ipo, itakuwa kati ya hizo mbili. Linganisha picha na ile nafasi. Kama zinatofautiana vizuri, dakika 8 zatosha. Kama picha ni hafifu na nafasi ni safi, ongeza muda, labda mpaka dakika 11. Kama nafasi imekuwa ya kijivu kizito, kuongeza muda hakutasaidia, maana picha na ukungu vitakua pamoja. Hapo tia bromidi ya potasiamu katika dawa, kama gramu 1 kwa lita, ujaribu tena kwa kipande kingine kifupi. Bromidi huzichelewesha zaidi chembe zisizokuwa na picha. Usiitie bila sababu, kwa kuwa huipunguza nguvu picha nayo kidogo.

Mkanda mpana wenye karatasi nyuma hauna ncha ya bure. Kipande utakachokata huenda kikawa picha nzima, moja katika kumi na mbili. Hiyo ndiyo sababu ya kumwomba mwenye mkanda ruhusa tangu mwanzo. Ni vigumu kutoa picha moja ambayo huijui. Lakini ni vigumu zaidi kumrudishia mtu mkanda mzima mweusi.

KUUSAFISHA MKANDA WENYEWE

Mkanda uliozungushwa miaka mingi hujikunja kama chemchemi ya saa, na ni kazi kuuingiza katika kigurudumu cha tanki. Jizoeze kwanza kwa mkanda mbovu, macho wazi, kisha macho yamefumbwa, mpaka vidole vijue njia. Ukishika, shika kando tu.

Mkanda ukiwa ndani ya tanki na kifuniko kimefungwa, waweza kuwasha taa. Mimina D-76. Pindua tanki taratibu kwa nusu dakika ya kwanza, halafu mara nne kila dakika. Ligonge kidogo mezani ili mapovu yatoke. Muda ukitimia, mwaga dawa, tia siki nusu dakika, mwaga, tia haipo kwa muda ulioupima.

Kisha osha. Jaza maji, pindua mara 5, mwaga. Jaza tena, pindua mara 10, mwaga. Jaza mara ya tatu, pindua mara 20, mwaga. Maji haya nayo yawe karibu na digrii 20. Mkanda ukitoka baridini na kuingia jotoni ghafula, jelatini hupasuka ikawa kama tope lililokauka. Mwisho tia tone moja la sabuni ya maji katika maji safi, uuchovye mkanda, uutundike kwa kibanio mahali pasipo vumbi, na kibanio kingine chini ili usijikunje. Usiufute kwa kitambaa. Haipo iliyotumika ina fedha ndani yake, basi usiimwage bustanini wala mtaroni. Iweke katika dumu lenye jina, umkabidhi mwalimu wa maabara.

KUSOMA ULICHOPATA

Mkanda mweupe mtupu, lakini namba za pembeni zaonekana: dawa ilifanya kazi. Mkanda haukupigwa picha, au picha imefifia.

Mweupe mtupu na hata namba hazipo: yaelekea dawa ilikuwa mbovu, au ulianza na haipo. Kwa mkanda mzee mno, namba nazo huweza kufifia.

Mweusi wote: uliingia mwanga.

Madoa ya mviringo au nyuzinyuzi: kuvu.

Tarakimu zimejichapa juu ya picha: zimetoka katika karatasi ya nyuma ya mkanda mpana.

Kijivu, na ndani yake sura hafifu: usivunjike moyo. Hiyo ndiyo hali ya kawaida. Weka negativu mbele ya mwanga mweupe ulio sawa, hata wa kioo cha simu, uipige picha kwa kamera nyingine. Kompyuta yaweza kugeuza negativu na kuongeza tofauti ya weusi na weupe, na sura ambayo jicho liliikosa hutokea. Lakini kompyuta haiwezi kuleta kitu ambacho dawa haikukitoa.

MKANDA WA ZAMANI USIOPIGWA

Ukipata mkanda mzee ambao haujatumiwa, huo ndio mwalimu wako. Upige picha za uwanja wa shule na usafishe huo kabla ya kugusa mkanda wa babu. Wapiga picha hufuata kanuni hii: kwa kila miaka 10 iliyopita, upe mkanda mwanga mara mbili. Mkanda wa kasi 100 uliopita muda kwa miaka 20 upigwe kama ni wa 25. Kanuni hii ni ya kukisia tu, na mkanda uliokaa baridini hauhitaji mwanga mwingi hivyo. Kwa mkanda ambao picha zake zilikwisha kupigwa kanuni hii haifai kitu, maana mwanga wake ulikwisha kuingia siku ile. Hapo kuna dawa, joto na muda tu.

Basi, ndugu msomaji, ukirudi nyumbani wakati wa likizo, waulize wazee kama wana mkanda uliosahauliwa. Usiufungue. Andika juu yake jina la mwenyewe na mwaka anaoukumbuka, uuweke mahali pa baridi na pakavu. Wazee wanaoweza kukutajia majina ya watu waliomo katika picha hizo hawatungoji kama mkanda unavyongoja.

MASWALI

1. Kati ya picha 240 za Strindberg ziliokolewa 93. Hiyo ni asilimia ngapi?

2. Ncha ya mkanda iling'aa katika haipo baada ya dakika 3 na nusu. Mkanda ukae dakika ngapi?

3. Mkanda usiopigwa wa kasi 400 ulipita muda wake mwaka 1994, ukatumiwa mwaka 2014. Kwa kanuni ya kukisia, upigwe kama ni wa kasi gani?

4. Eleza kwa nini kuongeza muda wa kusafisha hakuwezi kuuondoa ukungu.